Askari Waliolala Ndani ya Ini Langu

Ipo siku moja, mwanangu, maana nawe ni mwanangu ingawa sikukuzaa, naikumbuka kama naiona. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, seremala wa vitanda pale soko la Gikomba, na nilijiona ndume hasa. Kitanda cha mninga nilikibeba kichwani kutoka karakana hadi mtaa wa Kaloleni bila kupumzika, na nikifika ningali napiga mluzi. Ujana ni moshi, walisema wazee. Mimi nilidhani ni moto wa kudumu.

Mke wa mwenzetu mmoja alijifungua kwa shida, akahitaji damu. Mafundi tukafunga kazi tukaenda kuchangia, tukirudi tunataniana ni nani aliyeogopa sindano. Wiki chache baadaye nikaitwa hospitali peke yangu. Muuguzi, mama mpole mwenye miwani, akafunga mlango na kuniambia kwamba damu yangu ina virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Huumwi leo, akasema, lakini ini hili ni la kuangaliwa. Akanipa kadi ya kliniki: nirudi kila baada ya miezi sita, na nimlete mke wangu apimwe.

Nilirudi kazini nikaitia kadi ile chini kabisa ya sanduku la vifaa, chini ya misumeno, nikanyamaza.

Usinicheke. Nilikuwa nimemwoa Nafula mwaka huo huo, tumetoka naye Bungoma, na alikuwa mjamzito. Nilijiambia, nikimweleza atadhani nimekuwa nikizurura nje. Atarudi kwao. Tena sikuumwa popote! Mtu asiyeumwa ana kadi ya nini?

Aliyeiona kadi ni Mzee Odongo, fundi aliyenifundisha kazi. Alikuja kuazima randa, akapekua sanduku, akatoka na kile kikaratasi mkononi. Alikisoma polepole, midomo ikimcheza. Nilitamani ardhi inimeze.

"Wafula," akaniita, "huyu mke wako anajua?"

"Bado, mzee."

"Na mtoto anakuja?"

"Ndiyo, mzee."

Hakupaza sauti. Alifuta vumbi la mbao mikononi, akasema, "Mimi nilidhani nimekufundisha kazi. Mbao yenye mchwa ukiipaka vanishi, mchwa wanakufa?"

"Hawafi, mzee."

"Basi vaa shati twende kwako."

Mwanangu, mficha uchi hazai. Lakini siku ile kufichua kulikuwa kama kutembea uchi sokoni. Tulimkuta Nafula akichambua mboga mlangoni. Mzee Odongo akaketi, akakubali chai, kisha akanitazama hadi nikasema yote. Nafula hakulia wala hakunitukana. Aliuliza neno moja tu: "Na mtoto?"

Kesho yake tulikuwa kliniki sote watatu. Na hapo, mwanangu, ndipo furaha ilipoanza kunijia kwa mlango nisioutazamia. Vipimo vya Nafula vilionyesha kwamba mwili wake uliwahi kukutana na virusi hivyo, ukapigana navyo, ukavishinda. Yeye mwenyewe hata hakujua kama kulikuwa na vita. Mimi je? Yule muuguzi akanieleza kwamba yaelekea nilivipata nikiwa mtoto mchanga, wakati kinga ya mwili haijajua kumtofautisha mgeni na mwenyeji. Vikaingia vikakaa. Wala si kwa kuzurura. Nafula akanigeukia, akanifinya shavu mbele ya watu. "Kumbe ulikuwa unaogopa hili tu?"

Mtoto wetu Agnes alipozaliwa alichanjwa. Siku hizo chanjo hiyo haikuwa ya kila mtoto kama sasa, tuliitafuta, tukaipata. Wadogo zake nao wakachanjwa kila mmoja kwa zamu yake. Hadi leo hakuna hata mmoja mwenye virusi hivyo. Nikiwaona wamekaa mezani wote, wakinyang'anyana kuku, humkumbuka Mzee Odongo nikasema kimoyomoyo, asante baba.

Ningependa hadithi iishie hapo. Ila mzee alipostaafu akarudi kwao Siaya, mimi nami nilistaafu kliniki. Nilienda miaka michache, nikaruka mara moja, nikaruka mara mbili, na kadi ikapotea tulipohamia Kayole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, nikalisahau, na matokeo ni yale yale.

Juzi hapa, nikiwa na mvi hizi unazoziona, suruali zikaanza kunipwaya. Kukawa na uzito chini ya mbavu za kulia, kama mtu ameweka kiganja hapo na hataki kukitoa. Agnes hakunisikiliza niliposema ni uzee. Alinipeleka hospitali, nikapigwa picha, na tukaitwa kwa Daktari Halima, binti aliyekulia Eastleigh, anayesema nawe kama mnakunywa chai pamoja.

"Baba," akasema, "kuna uvimbe kwenye ini. Ni saratani. Umekua mno, hauwezi kukatwa, lakini haujatoka nje ya ini, na dawa ipo."

Agnes alinishika mkono. Mimi nikauliza lile lililonikaa rohoni. "Daktari, huu mwili haukuwa na askari? Ulikuwa unatazama tu?"

Akatabasamu. "Askari wapo, baba. Tunaziita seli za kinga, na ini lina nyingi kuliko viungo vingi, kwa sababu kila unachokula hupitia pale. Zimepigana na virusi miaka na miaka hadi zimechoka. Uvimbe nao ni mjanja. Unazishikia breki zisiushambulie. Na kuna nyingine umezigeuza, sasa zinaulinda."

"Kama askari wa geti anayenunuliwa chai na mwizi," nikasema.

Daktari akacheka hadi akavua miwani. "Hivyo hivyo! Sasa dawa hii haiui uvimbe yenyewe. Inawaachilia breki askari wako, wafanye kazi yao. Na tutakupa nyingine ya kuukatia uvimbe njia za damu unazojilishia. Siwezi kukuahidi, baba. Kwa wengine inafanya kazi vizuri, kwa wengine haifanyi. Tujaribu?"

Tukajaribu. Kila baada ya wiki tatu nilikaa kwenye kiti nikitundikiwa dripu, na kila siku nyumbani nilimeza kidonge cha kuvituliza vile virusi. Baada ya dripu ya tatu hamu ya chakula ikarudi. Nilikula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, hadi Nafula akaniuliza kama ninakula na mtu mwingine tumboni.

Kisha nikaanza kuharisha. Si mara moja, ni mara sita kwa siku, na ngozi ikiniwasha. Na mimi, mzee mzima mwenye wajukuu, unajua nilifanya nini? Nilificha. Niliogopa kwamba nikisema watanikatia dawa, na ndio kwanza naona nafuu.

Nafula alinisubiri nje ya choo asubuhi ya tatu, amejifunga leso, mkoba wa kliniki begani.

"Tena?" akasema.

Neno moja tu, mwanangu. Nilivaa viatu bila ubishi.

Daktari Halima naye hakucheka siku hiyo. Alinieleza kwamba askari walioachiliwa breki wakati mwingine hukosea nyumba wakashambulia utumbo, na ningekaa kimya wiki nyingine wangeweza kuutoboa. Wakasimamisha ile dawa, wakanipa vidonge vya kuwatuliza, na tumbo lilipotulia wakanirudishia dripu polepole, wakinichunguza kwa karibu. Kumbe kusema hakukuninyima dawa. Kulinibakisha nayo.

Ndipo ikaja siku ya picha nyingine. Tulikaa kwenye ukumbi mrefu wa kusubiria majibu, mimi, Nafula, Agnes na mjukuu wetu Brenda. Daktari alitoka mwenyewe badala ya kutuma mtu.

"Baba, uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Askari wameamka."

Nafula alipiga vigelegele. Si kimoja, vya harusi nzima! Askari wa hospitali, huyu wa kweli mwenye kofia, akaja mbio akidhani kuna ugomvi, na alipoambiwa akapiga makofi pamoja nasi. Brenda alikuwa akirukaruka: "Babu, si nilikuambia utashinda! Wewe ni mnoma, shujaa kabisa!" Mimi nilikaa tu, machozi yakinitiririka, nikicheka kama mwehu.

Sikudanganyi, sijapona kabisa. Bado naenda kliniki, na wenzangu wawili tuliokuwa tukikaa viti jirani dawa ile haikuwafaa. Nawaombea kila Jumapili. Lakini jana nilipiga randa ubao mzima, na mchana nikalala usingizi mtamu wa mtu aliyefanya kazi.

Basi sikia, mwanangu. Nenda ukapimwe ini ungali na nguvu, maana ini halilii mapema. Mtoto akizaliwa kwako, usimkoseshe chanjo. Mahindi yenye ukungu usiyale wala usimpe jirani. Sumu ya ukungu huo na virusi vile ni marafiki wa kuliharibu ini. Ukiambiwa urudi, rudi, hata kama hujisikii mgonjwa. Na jambo la mwili wako mwambie anayelala ubavuni mwako kabla hujauambia mto unaolalia; huenda yeye ana jibu jepesi kuliko hofu yako. Aibu haijamponya mtu.

Mungu akupe ini zima na moyo usiojificha. Akupe mtu wa kukuuliza "Tena?" pale unapopotoka, na masikio ya kumsikia. Uzeeke ukinyang'anyana kuku na wanao, na nyumba yako isikose vigelegele. Nenda kwa heri, mwanangu.