Pikipiki Iliyoshindwa Mlima

Dada yangu mkubwa analima maharage na ndizi huko Gashoho, mkoani Muyinga. Alipopata uwezo wa kununua pikipiki mpya, alikuja kuichukua Gitega, kwa kuwa mimi naishi hapa mjini, mtaa wa Nyamugari. Kuendesha alijifunza Tanzania, tulikokulia. Siku aliyoondoka nayo kurudi Muyinga, kitenge amekifunga juu ya suruali, nilisimama barabarani nikimtazama kwa fahari mpaka akapotea.

Haukupita muda akarudi, yeye na pikipiki yake juu ya lori la mahindi. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini kila alipopanda mlima gia ya pili ilichomoka, injini ikanguruma bure, pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Mara ya mwisho ilimwangusha mtaroni pamoja na gunia moja alilobeba. Kiwiko kilikuwa kimechubuka.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa kukwepa maneno. Nikamwambia tumpelekee fundi wa jirani, yaishe.

"Kwa fundi ningepeleka ya zamani," akasema. "Hii nimenunua mpya."

Basi tukairudisha dukani. Muuzaji alitusikiliza akiwa amekaa, kisha akainua mabega, akaionyesha pikipiki kwa kidole.

"Mama, hii moto iko muzima. We ndiyo uliibebesha mizigo mingi. Garanti haiko ya mizigo."

Nilidhani dada atapandisha sauti. Badala yake alivuta kiti, akakaa.

"Baba, kabla sijanunua nilikuuliza kama inabeba gunia moja. Ukaniambia hata mawili. Leo haina mzigo wowote. Twende mlimani, uendeshe wewe, mimi nikae nyuma. Ikipanda, naondoka nayo na hutaniona tena hapa."

Wateja wawili waliokuwa wakijaribu kofia za pikipiki waligeuka. Muuzaji akawatazama, akacheka kidogo, akachukua ufunguo.

Niliwafuata kwa miguu. Niliwakuta katikati ya mlima wanasukuma, kila mmoja upande wake, viatu vya muuzaji vimejaa vumbi. Dada hakucheka, wala hakusema "nilikuambia". Walipofika juu alimpa leso yake ajifute jasho.

"Kweli inachomoka," muuzaji akasema, akihema. "Pardon, mama. Hujaiharibu we. Mi nitaifungua, nibadilishe gia."

"Nilinunua kitu kizima, si cha kufunguliwa. Nipe nyingine. Na hii mrudishie aliyekuuzia. Wewe pia umeuziwa kibovu, una haki ya kudai."

Muuzaji aliigeuzageuza ile leso mikononi. Nadhani hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa upande wake.

Tulirudi dukani, akamtolea nyingine. Dada hakuipokea hivi hivi: aliazima mfuko wa saruji duka la jirani, akaufunga nyuma, akapanda mlima ule ule, akashuka, akapanda tena. Muuzaji mwenyewe alisimama nje kuangalia, na ilipopita mara ya pili akawaambia wale wateja wawili, "Muiangalie vizuri. Na nyinyi mtajaribu mbele ya kulipa."

Nyumbani kwangu dada alikula ugali na maharage, akalala mchana kutwa kama aliyetoka kuvuna. Kesho yake aliondoka. Jioni akanipigia simu kutoka Gashoho kuniambia kwamba amefika, na kwamba milima yote ameipanda bila kushuka kuisukuma.