Diski Inayopaa

Pale kwenye duka la kuchapa kazi za watu walimwita Mama Vidole, kwa sababu akichapa, vidole vyake huvioni. Kilichomwangusha si vidole, ni kompyuta. Akifungua faili, mteja angeweza kutoka, akanunua vocha, akapiga soga na muuzaji, akarudi akakuta kioo bado kinazungusha kile kiduara chake.

Meza ya pili alikaa mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba wao. Mama Vidole ndiye aliyemwombea kazi pale, akamfundisha kuchapa, na chumba walikuwa wakilala kimoja. Mashine ya mdogo mtu ilikuwa mpya.

Siku moja bosi akaingia, akasema hata hajakaa, "Kazi imepungua. Jumatatu nabaki na mmoja. Anayenichelewesha wateja ajijue."

Jioni ile ile Mama Vidole akaenda kwa fundi wa kompyuta kutafuta diski ya kuiharakisha mashine yake. Fundi akamwekea diski mbili mezani, vibao vyembamba vinavyofanana kama mapacha.

"Mama, hii inaongea SATA, inakwenda vizuri. Hii inaongea NVMe, hii inapaa. Zote zinapachikwa ndani. Ila si kila tundu linaielewa NVMe. Niletee mashine nitazame."

"Bosi hataki itoke."

"Basi mimi kuja ni mpaka Jumatatu. Mwenye macho mazima aifungue, asome maandishi madogo kando ya tundu. Maana mimi diski ikishafunguliwa pakiti siipokei tena."

Macho ya Mama Vidole yalikuwa yameliwa na vioo. Kesho yake akamwomba mdogo wake. Mdogo mtu akalegeza skrubu, akainama na tochi ya simu, akasoma.

"Wameandikaje?"

"Chukua ile inayopaa, dada. Inaingia."

Mama Vidole akamshukuru Mungu kwa kumjalia ndugu. Akauza cherehani aliyoachiwa na marehemu mama yao, akaileta diski imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Jumatatu fundi akaja kuifunga, bosi kasimama, wateja wamejaa mlangoni. Diski ikaingia, skrubu ikakazwa. Akawasha. Mashine ikasema haioni diski mpya. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. Haioni. Ndipo akainama na kusoma.

"Tundu hili ni la SATA tu. Imeandikwa hapa, wala haijafutika. Nani alisoma?"

Mama Vidole akamgeukia mdogo wake. Yule alikuwa anachapa, hakuinua kichwa.

"Mimi nilisema inaingia, dada. Haikuingia?"

Mteja mmoja akacheka. Moyo wa mtu, Mungu peke yake ndiye anayeufungua akausoma.

Fundi akachomoa diski mpya, akaiwasha mashine kwa ile kuukuu. Kiduara kikaanza kuzunguka. Bosi akakitazama, kisha akatazama meza ya pili, karatasi zinatoka moja baada ya nyingine.

"Mama Vidole, utanisamehe."

Mama Vidole akakusanya miwani yake, kikombe chake, na mto aliokuwa akikalia kwa ajili ya mgongo. Alipofika mlangoni akaitwa.

"Dada, huo mto niachie. Kiti changu kigumu. Na kwa kuwa leo unawahi nyumbani, unibandikie maji ya kuoga."

Mama Vidole akarudi, akauweka mto kitini, mdogo wake akajiinua kidogo ili upite chini yake, huku anachapa.

Na jioni mdogo mtu aliporudi, maji aliyakuta yamechemka.