Ilaze Chini, Halafu Uiinue

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala kadi ya mtoto. Mganga Mkuu wa Wilaya alinipeleka nyuma ya kituo cha afya, hapa Karatu, ambako ilisimama pikipiki nyekundu iliyofungwa kasha la baridi, lile la kubebea chanjo. Nilikuwa muuguzi mpya kutoka chuoni, na moyo ulinidunda kwa furaha. Tangu usichana wangu kule kijijini kwetu, pikipiki ikipita nilikuwa naacha jembe na kukimbilia barabarani kusikiliza mlio wake mpaka upotee. Nilitaka kujua ndani yake kuna nini.

"Ilaze chini," akasema Mganga Mkuu.

"Niilaze, Mkuu? Si itaharibika?"

"Ilaze. Halafu uiinue peke yako. Ukishindwa, ufunguo unabaki kwangu, na wewe utakaa hapa kupima watoto uzito."

"Kwa nini peke yangu?"

"Utakuja kuniambia wewe, binti."

Nilivuta kwa mikono nikashindwa. Wahudumu wakatoka kutazama, mmoja akacheka waziwazi. Nikaizunguka, nikaichunguza, nikaona uzito wote umekaa chini kwenye injini. Basi nikaigeuzia mgongo, nikachuchumaa, nikashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, nikasukuma kwa miguu kinyumenyume. Ikasimama. Mganga Mkuu hakunisifu. Alinipa ufunguo akaenda kunywa chai.

Kazi yetu iliitwa huduma ya mkoba, yaani kliniki inamfuata mama alipo. Chanjo hulindwa kwa barafu njia nzima. Ikipata joto, unamdunga mtoto maji matupu. Nilijifunza kusafisha plagi, kukaza cheni, na kubeba kijiti cha kukwangulia tope, maana masika udongo wetu mwekundu hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Vijana wa leo wanampigia fundi simu. Mimi nilikuwa naifungua mwenyewe, hata siku ambazo haikuwa na kasoro yoyote.

Baadaye Mratibu wa Chanjo alinihamishia Enguserosambu, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama. Pikipiki ilipelekwa juu ya lori, kwa kuwa hakuna aliyetaka nikutane na nyati njiani. Huko ndiko nilikoteleza kwenye korongo, kasha likiwa limejaa na jua limeshapanda. Nilitazama huku na huku, hakuna mtu. Nikageuza mgongo, nikainua. Nilipomaliza ndipo nikamwona mama mmoja wa Kimaasai amekaa kivulini na ndama wake, kumbe ananitazama muda wote.

"Yeyo, mbona hukuniita nikusalimie?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Nataka kuona kwanza," akasema. "Ng'ombe ya kiangazi ikilala kwa njaa, sisi tunainua watu wanne. Wewe peke yako! Hii inakula nini?"

"Petroli."

"Na ikikosa?"

"Inalala."

"Basi ni ng'ombe tu."

Tulicheka sana, nikaondoka na kibuyu cha maziwa. Nilipokutana tena na Mganga Mkuu nilimwambia, "Nimejua kwa nini, Mkuu. Barafu haimsubiri mpita njia." Akaitikia, "Haya," basi.

Niliporudishwa Karatu, wachache tunaopenda magurudumu mawili tulianzisha klabu: dereva wa watalii ambaye ndiye Mwenyekiti, katekista, waendesha bodaboda, na Mwalimu Paskalina wa sekondari. Jumamosi tunazunguka vijijini kwa raha tu. Sheria moja niliileta mimi. Kila mwaka kila mwanachama ailaze pikipiki yake na kuiinua peke yake. Akishindwa, anakabidhi ufunguo na haendeshi tena.

Mwaka huu tulikutana Ganako. Nimeshastaafu, na goti la kulia lilikuwa limenionya mapema. Niligeuza mgongo, nikachuchumaa, nikasukuma. Pikipiki ikainuka kidogo ikarudi chini. Nikajaribu tena. Mara ya tatu mimi ndiye niliyeshindwa kunyanyuka.

"Bibi Nesi," akasema Mwenyekiti, "sheria tumeweka wenyewe. Tunaweza kuilegeza."

"Na nikiangukia korongoni, utakuja kuilegezea kule?"

Nilimpa ufunguo, na niliumia kuliko siku niliyoagwa kazini, kwa sababu siku ile nilirudi nyumbani nikiendesha.

Mwalimu Paskalina akasogeza pikipiki yake. "Panda nyuma, Bibi."

"Sijawahi kukaa nyuma mimi."

"Si ndiyo uone kukoje?"

Hapo alinipata. Nilipanda nikimshika kiuno, tukafuata njia ya Daa, njia yangu ya chanjo ya miaka yote. Katika njia hiyo nilijua kila shimo na kila mchanga wa kuteleza. Sasa mikono yangu haikuwa na la kufanya, nikageuza shingo. Pembeni, chini kabisa ya mashamba ya mbaazi, maji yaling'aa, na watoto walikuwa wakiogelea.

"Paskalina, simama! Ule mto ulianza lini?"

"Upo siku zote, Bibi."

Nikautazama sana. Kisha nikamwomba twende polepole, kwa maana upande wa pili nao sikuwa nimewahi kuutazama.