Kasri la Mtongwe

Niwaambie mapema ili mcheke mmalize: mimi mwenye cheti cha shule ya jioni, kimepigwa muhuri na kiko kwenye fremu, niliamini mpaka nikaota ndevu kwamba Sultani anaishi Mtongwe, ng'ambo ya bandari yetu. Sisemi aliishi. Anaishi. Yuko hai, kazeeka, meno yamemwisha, anapikiwa uji wa tende nyuma ya ua wa kambi ya wanamaji, na kila Ijumaa hutolewa barazani apunge upepo. Atakayeendelea kucheka baada ya hapo, aje aniambie na yeye utotoni aliamini nini.

Wakati wetu, watoto wa Chaani, mtaa wa Changamwe, tulikuwa na macho. Hatukuwa na viatu, lakini macho tulikuwa nayo. Tukitoka shule, vumbi la malori limetugeuza rangi sote tukafanana, tulipitia kwa Fundi Saidi, aliyekuwa akiandika majina na kuchora maua kwenye malori ya Changamwe nzima. Mkono wake ulikuwa mzuri hata dereva akiona jina la lori lake anaona haya kulitia barabarani. Ukutani mwa karakana yake aliangika ubao mkubwa kama mlango, na juu yake alikuwa amechora kwa mkono kasri la zamani: jeupe, ghorofa tatu, roshani zimelizunguka, mnara wa saa, bendera nyekundu, na madirisha niliyoyahesabu yakafika mia nne, wakati huo sijajua kuhesabu zaidi ya ishirini. Chini ya rangi ya anga ilionekana miraba ya penseli, ile ambayo mchoraji huipiga ili anakili picha kipande kwa kipande. Sisi tulijua ni nyavu za kuzuia kunguru.

Tulikaa mbele ya ubao ule, barafu za mfuko zikitutiririka mpaka viwikoni, ndimi nyekundu kwa mabuyu, tukigawana vyumba. Mimi nilijitwalia ghorofa ya juu yote. Riziki, msichana aliyetuzidi sote urefu na ndiye aliyeamua nani acheze na nani asicheze, alichukua mnara, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Sasa Mtongwe imeingiaje? Chini ya kasri, mbele kabisa ya picha, palikuwa na gati. Ngazi zake zimemegeka upande wa kushoto, na kando yake mkoko umeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Kila mtoto aliyewahi kupelekwa ng'ambo kuwaamkia jamaa alilijua gati lile: ni gati la zamani la feri, la Mtongwe. Basi. Kama gati liko Mtongwe na kasri liko nyuma ya gati, kasri liko wapi? Mimi ndiye niliyelisema kwanza, tena kwa sauti.

"Weye muongo!" Riziki akanirukia. "Kasri Mtongwe? Mbona hatulioni kutoka huku?"

"Wanamaji wamelificha."

"Apa."

"Wallahi."

Akatoa hukumu yake. Likizo ile nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu, Mtongwe. Nikirudi bila ushahidi, sichezi tena. Si mpira wa makaratasi, si gololi, si kibe cha kujificha, mpaka nioe. Mtoto wa Chaani akipewa hukumu hiyo, heri kufungwa jela.

Nilikwenda. Nikasimama pale gatini: ngazi zimemegeka kushoto, mkoko umeinama, kila kitu mahali pake. Nikainua macho kulitazama kasri langu, nikaona seng'enge, lango na askari. Nikamwendea.

"Shikamoo, afande. Naomba kumwona Sultani."

Akanitazama kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. "Sultani amelala, kijana. Una miadi?"

"Sina."

"Basi nenda kaoge kwanza. Rudi Ijumaa."

Wala hakucheka. Angecheka, yangeishia pale pale. Nilirudi Chaani kifua mbele. Riziki akanisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akasema, "Askari hawezi kudanganya akiwa zamuni." Nikacheza. Muhula haujaisha, Changamwe nzima ikawa inajua habari za uji wa tende.

Wanangu leo ukiwaambia kuna kasri ng'ambo, shingo hawainui. Wanaiuliza simu, simu inawajibu hakuna, mazungumzo yameisha. Haya, hawakudanganywa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumiliki ghorofa. Sisi kwa mabuyu ya senti chache tulikaa nyuma ya madirisha mia nne, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Nautamani ule uvivu wa kukaa mbele ya ubao jioni nzima, hakuna anayekusahihisha.

Nami sikukubali kusahihishwa. Nilipoingia shule ya jioni (wengine mnaiita ngumbaru, iteni), nikiwa na mke na watoto wawili, mwalimu alitufungulia kitabu cha historia, na kasri langu likawa limo humo. Akasema ni la Unguja. Nikasimama.

"Mwalimu, hilo liko Mtongwe. Gati lake nimelikanyaga kwa miguu yangu hii."

Darasa zima likaangua kicheko. Makuli wa bandarini wakafuta machozi kwa madaftari. Sikukaa. Niliwaambia nitamleta aliyelichora aseme mbele yao, na kama mimi ni muongo, sirudi tena darasani. Mke wangu aliposikia nimeweka masomo rehani kwa ajili ya Sultani, alishika kichwa.

Jumamosi nikaenda kwa Fundi Saidi. Alikuwa amezeeka, na bendera ya kasri imepauka. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba avae kanzu twende. Akaipangusa brashi yake kwa kitambaa.

"Kasri ni la Unguja, mwanangu," akasema. "Nililitoa kwenye gazeti kuukuu, na kipande cha chini kilikuwa kimechanika. Unguja mimi sijafika. Nikajaza gati la Mtongwe, kwa kuwa ndilo nililolijua. Rudi darasani."