Nilivyompoteza Bibi Domitila kwenye maporomoko ya Milima ya Bluu

"Wewe hutaweza. Utawapeleka watu porini, utarudi na basi tupu."

Wakuu, heshima kwenu. Hayo maneno niliambiwa saluni ya kunyoa pale Auburn, Sydney, nikiwa nimekaa kwenye kiti na povu kichwani, na watu wote wakacheka. Nawaletea yaliyofuata kama yalivyokuwa. Sitaongeza chumvi. Nikijisifu mnivumilie tu, nimeyatolea jasho.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Morogoro. Australia sikupelekwa na mjomba wala serikali. Nimeosha vyombo, nimetunza wazee kwenye nyumba zao, na huku nabeba boksi nikasoma diploma ya utalii mpaka nikaipata. Sasa nimerudi nyumbani, nina kampuni yangu ya kupandisha watalii Uluguru. Ukiniona na gari usiseme freemason. Soma huu uzi.

Turudi Sydney.

Nilikuwa naishi St Marys. Ukisimama pale stesheni ukaangalia magharibi unaiona Milima ya Bluu, imelala kama shuka iliyotupwa. Treni inakufikisha bila kubadilisha. Lakini waulize Waafrika wa pale, ndugu zetu Wakenya, Warundi, Wabongo, wangapi wamefika? Mtu ana miaka anaijua njia ya kazini, kanisani, dukani na kulala. Watoto wao wamepelekwa na shule, wanarudi wanasimulia kwa Kiingereza, mama anaitikia tu.

Nikasema hapana. Nina diploma. Nitawapeleka.

Shida ilikuwa vitendea kazi. Basi sina. Majaketi ya baridi sina. Hata sufuria ya kupikia watu wengi sina. Niliazima kila kitu isipokuwa diploma.

Basi dogo nilipewa na mchungaji wa kanisa la Warundi. Sufuria na jiko la gesi alinipa Salim, Mtanga mwenye bucha ya nyama halali Auburn, yuleyule aliyesema nitarudi na basi tupu. Majaketi aliyakusanya Otieno, nesi Mkenya, kwa wenzake wa kazini, na yeye akakubali kuja kunisaidia.

"Bro, mimi nakuja tu kuwa witness," aliniambia. "Ukiwapoteza hawa wamama, polisi watataka mtu wa kuwaeleza."

Nikamwambia apande basi, aache maneno.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Asubuhi basi nimeliegesha pale stesheni ya St Marys, watu wamejaa ndani, wengi ni kina mama Warundi, wamependeza kama wanaenda harusini. Mimi nimevaa kofia na kitambulisho shingoni. Kitu cha kwanza wanachokufundisha chuoni ni kuhesabu kundi lako. Unahesabu mkiondoka, unahesabu kila kituo. Nikanyoosha kidole nikaanza, moja, mbili, tatu...

"Guide, shusha icho kidole."

Alikuwa Mama Kelia, kiongozi wa kwaya. Nikadhani utani.

"Sisi tumehesabiwa vya kutosha," akasema. "Hapa Australia hatuhesabiwi tena."

Mama yake mzazi alikuwa kiti cha mbele. Ndiye Bibi Domitila. Mwembamba, kitenge kichwani, viatu vya michezo vya mjukuu wake. Akaongeza kwa Kiswahili chao cha kambi ya wakimbizi, kule Kigoma walikoishi miaka mingi kabla ya kuletwa huku:

"Kambini walitupangaga mustari, wanatuhesabu kama mbuzi. Siku wakikosea, weye haupo. Haupo na umesimama pale! Mahindi hawakupi."

Basi zima likacheka, lakini ni kile kicheko ambacho mgeni hutakiwi kujiunga nacho. Nikashusha kidole.

Wakuu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mtu mzima anakwambia usimhesabu, amekupa na sababu. Nikatafuta njia nyingine. Nikasema kila tukiondoka mahali nitauliza, "Tupo wote?" nanyi mtajibu. Wakafurahi. Wakaijibu kwa sauti za kwaya, "Tupo!" mpaka abiria wa treni wakageuka.

Safari ikaanza vizuri sana. Tulisimama kwanza kwenye daraja la zamani la mawe ambalo wafungwa walioletwa kutoka Uingereza walilijenga kwa mikono. Mawe yale bado yana alama za patasi. Nikawaeleza kwamba hawa walivukishwa bahari kwa nguvu, wengine kwa kosa la kuiba mkate, wakaja kuchonga barabara kwenye nchi ya watu wengine ambao nao walikuwa na majina yao ya kila mto na kila jabali. Kina mama wakawa wanayapapasa yale mawe.

"Kwa hiyo nao walikuwa wakimbizi?" Mama Kelia akauliza.

"Wafungwa, Mama Kelia."

"Ni vilevile. Nani aliwauliza kama wanataka kuja?"

Nikawaambia tupande basi. Tupo wote? Tupo!

Tukafika kwenye maporomoko. Wale ambao hamjafika, mlima wa kule hauupandi, unaushukia. Gari linakuacha juu, halafu unateremka ngazi zilizochongwa kwenye ukuta wa mwamba mpaka bondeni. Chini kuna baridi na unyevu, mimea kama ile ya Uluguru, na maji yanamwagika kutoka juu kabisa yanakuwa kama moshi. Tukakaa kwenye mawe makubwa karibu na maji, tukala wali na maharage niliyoyapasha kwenye sehemu ya mapumziko kule juu. Wamama wakaimba. Wazungu wakapiga picha. Nilijiona waziri wa utalii.

Wakati wa kupanda kurudi, njia inagawanyika. Moja inarudi maegeshoni, nyingine inapita chini ya mwamba na kwenda mbali. Mimi nilitangulia, Otieno akawa nyuma. Tulipofika juu kila mtu anahema, nikauliza kama kawaida.

"Tupo wote?"

"TUPO!"

Nikawasha basi, tukaenda mahali pengine pa kutazamia bonde, mwendo mfupi tu. Watu wakashuka. Nikamwona Mama Kelia anazunguka basi, anachungulia ndani, anazunguka tena.

"Mama yuko wapi?"

"Si alikuwa na wewe?" akajibu mmoja wa wanakwaya.

"Mimi nilijua yuko na nyinyi huko nyuma."

"Sisi tulijua katangulia na wewe."

Wakuu, nilipanda ndani nikatazama kiti kwa kiti, hayupo. Hapo ndipo unagundua kwamba mtu ambaye hayupo hawezi kukujibu kwamba hayupo. Tumeitikia vizuri kabisa, kwa sauti tatu za kwaya, na bibi tumemwacha bondeni.

Jaketi lake lilikuwa chini ya kiti cha mbele, ambacho mwanakwaya mmoja alikuwa amejikalia. Simu hana. Kiingereza chake ni "thank you" na "Jesus". Na jua la kule likipita nyuma ya mwamba, bonde linageuka friji mara moja.

Otieno hakutania tena. Nikamwachia kundi. Nikamwambia, "Wewe hapa una netiweki. Piga simu ya dharura sasa hivi, waeleze kila kitu, usihame hapa." Mimi na Mama Kelia tukarudi na basi. Njiani hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa amelikumbatia lile jaketi. Ningependa anitukane.

Tulishuka zile ngazi mbio. Kwenye njia panda nikaita mpaka koo likauma. "Bibi Domitilaaa!" Mwamba unanirudishia jina. Wakapita wazee wawili wa Kizungu na fimbo zao wanapanda, nikawauliza, hawajaona mtu yeyote kwenye ile njia ndefu.

Chuoni wanakufundisha kwamba mtu akipotea hukaa pale alipo, au hufuata njia iliyo wazi zaidi. Iliyo wazi zaidi ilikuwa ile ndefu. Nikaanza kuifuata, nikatembea kidogo, halafu nikasimama. Nikajiambia, haya mambo yameandikwa kwa ajili ya mzungu mwenye ramani mfukoni. Huyu ni Bibi Domitila. Mimi ndiye guide wake, namjua tangu asubuhi.

Nikamgeukia binti yake. "Mama Kelia, kule kambini, mtu akipotezana na wenzake, walikuwa wanakutana wapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya nyanya. Halafu nikaona sura inabadilika.

"Kwenye bomba," akasema. "Kambi ilikuwa kubwa, nyumba zote zinafanana. Mama alitufundisha sisi watoto wote, ukitupoteza usitutafute, nenda bombani ukae. Kila mtu lazima aje kuchota maji."

Tukageuza, tukashuka mpaka chini kabisa.

Alikuwa kwenye yale mawe tuliyolia chakula. Amekaa, miguu ameinyoosha, kitenge amejifunika mabegani, chupa ya maji imejaa pembeni yake. Ametulia kama anasubiri zamu hospitali.

Akatuona.

"Mulipotelea wapi?" akauliza. "Nimewangoja mpaka nimechoka."

Mama Kelia alimvisha jaketi, akafunga zipu mpaka kidevuni kama anamvisha mtoto, ndipo akaanza kulia. Bibi akawa anampigapiga mgongoni huku ananiangalia mimi juu ya bega lake.

"Na weye guide, unalia nini? Nimepotea mimi ao weye?"

Sifichi, nililia. Mwanaume mzima na kitambulisho shingoni. Mzigo ulionitoka pale sijawahi kuubeba tena, na naomba nisiubebe. Tukapanda taratibu, bibi katikati, kila kituo anapumzika na kutusimulia tulivyomwacha: alijitenga nyuma ya jiwe kufunga kamba ya kiatu, Otieno akapita bila kumwona, akainua macho, akaona njia mbili na mgongo wa mtu hakuna.

Juu kabisa netiweki ikarudi. Nikampigia Otieno, akawaambia wa dharura kwamba amepatikana. Nilimsikia kwenye simu anapiga kelele kwa wamama, na vigelegele vikanijibu. Nimesikia muziki mwingi Sydney, wenye tiketi za bei, lakini ule haujapata mfano.

Tulipokusanyika bibi alikataa kuhesabiwa, msidhani alibadilika. Hapo ndipo nikaja na utaratibu wangu, na huu ni wangu mwenyewe, haumo kwenye diploma. Kabla basi halijaondoka kila mtu anataja jina la aliyekaa pembeni yake na anamshika bega. Mwenye kiti kitupu pembeni anapiga kelele. Hakuna namba, ni majina tu. Bibi akasema huo ni utu. Leo nautumia Uluguru kwa Wajerumani na Wachina, na wanaupenda.

Siku mbili baadaye nilirudisha vya watu. Majaketi nilikuwa nimeyafua na kuyakunja, Otieno akayapokea na kuniambia, "Wewe ni noma, lakini mimi sirudi huko bila filimbi." Sufuria na jiko nikampelekea Salim bucha, vinang'aa kuliko alivyonipa. Akachungulia nje mlangoni, akaliona basi.

"Umerudi nao wote?"

"Wote, Bwana Salim."

Akafuta kisu. "Basi safari nyingine niwekee nafasi. Mimi na mke wangu."

Mwisho nikapeleka basi kwa mchungaji, nimelijaza mafuta na kulifagia. Alilizunguka polepole akitafuta mikwaruzo. Hakuipata. Akaweka ufunguo mfukoni, kisha akautoa, akanirudishia mkononi.

"Kaa nao," akasema. "Wamama wameshapanga wanakotaka kwenda."

Ndugu zangu, nilikuwa sidaiwi kitu na mtu yeyote Sydney nzima. Basi nililiacha pale kanisani, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa raha tu, na ufunguo mfukoni.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu unayemwongoza usimjue kwa idadi ya viti. Kabla hamjaondoka muulize akipotea atakwenda kusubiri wapi, kwa sababu kila mtu ana mahali pake na hapafanani na pako. Mimi nauliza kila safari. Majibu mengine yanachekesha, mengine yanakunyamazisha.

Haya, wenye visa vyao vya kupoteza watu safarini na wanaotaka kunipinga, uwanja ni wenu. Na wewe unayesoma kimyakimya, usipite hivihivi: ukitupoteza, tukufuate wapi?