Pemba ya Muheza

Udongo ukilowanishwa kidogo, ukakandwa kiganjani, kisha ukasukumwa kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada, hutoa utepe. Urefu wa utepe huo humwambia mtafiti kama ameshika udongo wa mfinyanzi au wa kichanga. Penye shaka, walimu wetu walitufundisha kutia chembe kati ya meno ya mbele: mchanga hukwaruza, mfinyanzi huteleza, kisha mtu hutema. Siku moja, uani kwetu Chumbageni, sikutema.

Nilikuwa nimerudi Tanga kufanya utafiti wa udongo wa michungwa kwa shahada ya uzamili, baada ya kumaliza masomo ya darasani huko bara. Nilichelewa kusoma, wengi wa wanafunzi wenzangu wangeweza kuniita shangazi. Watu walidhani ninatafuta cheo, nami niliwaacha wadhani. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na maswali ya watu yalikuwa yamekoma, jambo ambalo niliona zito kuliko maswali yenyewe. Nilitaka kitu cha kunishughulisha.

Udongo ule niliutoa katika mashamba ya michungwa Muheza, nikauanika juu ya magazeti, mwekundu kama matofali. Uliteleza ulimini ukiwa na ladha ya mtungi mpya. Mate yakanijaa. Nikachukua kibonge kingine.

Kwetu kila mwanamke anajua maana ya hamu hiyo. Udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa vipande na tunaouita pemba, ni wa wajawazito. Anayeutamani haulizwi anaumwa nini. Huulizwa anatarajia lini. Nilijua na mengine, maana ndiyo kazi yangu: mayai ya minyoo, na madini yasiyofaa kuingia tumboni. Mtu mwingine yeyote ningemkataza. Lakini hamu hiyo nilikuwa nimeisubiri tangu nilipoingizwa katika nyumba ile nikiwa bibi harusi, na sasa ilipokuja, sikuwa na moyo wa kuifukuza.

Wa kwanza kunigundua alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyevuka kutoka kisiwani Pemba kuja kututembelea. Alinikuta nimeinama juu ya magazeti, midomo imepata wekundu.

"Wifi, watafuna nini?"

Nikamwambia ni udongo tu, wa kazi.

"Wa kazi ndio waulamba? Hebu nitazame. Hiyo pemba hiyo."

"Huu wa Muheza."

"Basi iiteni muheza. Sisi Wapemba tumeshasingiziwa vya kutosha."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akanishika mikono yote miwili na kusoma dua kimyakimya. Tangu saa ile hakuniacha ninyanyue ndoo. Mume wangu bila shaka aliambiwa, kwa kuwa alianza kurudi mapema kutoka kazini, akaketi karibu nami na kunimenyea machungwa. Nami nikawa naahirisha kwenda hospitali. Kabla ya jibu, nilikuwa na mimba.

Hatimaye wifi alinihimiza, nikaenda peke yangu. Muuguzi alinivuta kope ya chini akatazama, akaagiza vipimo. Mimba haikuwepo. Damu ndiyo iliyokuwa imepungua, kwa kukosa madini ya chuma, na akanieleza kwa upole kwamba upungufu huo nao humtamanisha mtu udongo. Madini hayo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapima katika majani ya michungwa. Sikulia. Nilimuuliza vidonge alivyonipa humezwa kabla ya chakula au baada.

Niliporudi, wifi alikuwa barazani akinisubiri. Aliona jinsi nilivyovua viatu mlangoni. Jioni nilipoinua ndoo ya maji, aliniangalia, akaniacha niibebe.

Vidonge vilifanya kazi yake. Pumzi ilirudi, nikaweza tena kushinda mashambani juani, na hamu ikawa inapungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja nilipotia chembe menoni ikawa chembe tu, nikatema. Kila mtu nyumbani alifurahi kwamba nimepona. Sikumweleza yeyote kwamba nilikuwa nikiililia ile hamu yenyewe. Ilikuwa hamu ya uongo, nalijua hilo kisayansi na kwa karatasi ya hospitali, lakini ilinifikisha mahali ambapo hakuna kitu kingine kilichowahi kunifikisha.

Tasnifu nimeshaimaliza na shahada ninayo. Juzi nilipita sokoni kununua nazi, nikasimama mbele ya mama mmoja asiyenijua, aliyepanga vipande vya pemba juu ya ungo. Hamu haikuwepo tena, mdomo wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nilimwomba anifungie vichache. Alinitazama usoni, kisha tumboni, akatabasamu.

"Wa ngapi huyu, dada?"

"Wa kwanza," nikasema.

Akavirudisha vile alivyokwisha kuvishika, akasogeza ungo karibu naye, akaanza kunichagulia vilivyo laini, kimoja kimoja, akikipapasa kila kimoja kwa dole gumba. Sikumharakisha.