Katekista Aliyesoma Jina la Kaka Yangu

Silvère alikuwa fundi wa kujenga kabla hajawa katekista. Kuta za kigango chetu huku Kagarama alizijenga yeye, kwa matofali tuliyoyabeba sisi wanawake kichwani kutoka bondeni. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Watu walimtania kwa kumwita Papa wa Kagarama. Hakukasirika. Alisema, "Papa ana gari. Mimi nina kandambili."

Alijulikana kwa jambo moja: hakuruka neno. Kilichoandikwa kwenye karatasi alikisoma chote, hata kama mvua inapiga mabati na hakuna anayesikia. Alisema maneno ya kanisani si yake, yeye ni mdomo tu. Nalieleza hili ili ijulikane kwamba alichonitendea hakukitenda kwa chuki. Nililijua hilo tangu siku ile ile. Halikunisaidia kitu.

Padri alifika kigangoni mara moja kwa mwezi. Aliyetaka misa kwa ajili ya mtu wake alimpelekea katekista nia yake mapema, ikaandikwa, ikasubiri. Septemba ya mwaka 1990 dereva wa lori aliniletea habari kwamba kaka yangu Karangwa anakohoa damu huko Mbarara. Karangwa alikimbilia Uganda mwaka 1973, nyumba ya wazazi wetu ilipochomwa, na huko akawa fundi cherehani. Sisi ni Watutsi, na mwaka ule hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Nilikwenda kwa Silvère. Sikuwahi kukaa darasani, kwa hiyo nilisema kwa mdomo naye akaandika: misa kwa ajili ya Karangwa, aliye Uganda, mgonjwa, Mungu amrudishie nguvu.

Oktoba ilipoanza, vita vikaanza nayo. Jeshi la wakimbizi liliingia kwa mpaka wa kaskazini, likitokea Uganda. Siku chache baadaye risasi zililia mjini Kigali mpaka alfajiri, na kulipokucha watu wakaanza kukamatwa. Waliitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Kila gari lililopanda mlima wetu tulilisikiliza litasimama kwa nani.

Jumapili hiyo padri alifika. Nami nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nilijua nia yangu ingali kwenye karatasi ile. Nilijiambia kwamba mtu yeyote mwenye akili ataiacha. Nilimtafuta Silvère kwa macho tangu wimbo wa kwanza, lakini yeye aliitazama karatasi yake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Akasoma. "Misa hii ni kwa ajili ya Karangwa, aliye Uganda." Baada ya neno Uganda hakuna aliyesikia neno mgonjwa. Walichosikia wote ni kwamba Mungu amrudishie nguvu. Vichwa viligeuka. Ulipofika wakati wa kupeana amani, jirani yangu Mukandekezi alikuwa anamfunga mtoto vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Walimchukua Melchior, mume wangu, Jumanne, akiwa anapakua viazi vyake sokoni. Kwanza alikalishwa katika uwanja wa mpira pamoja na mamia ya wengine, juani, bila maji. Kisha wakampeleka gereza kubwa la mjini.

Silvère alikuja nyumbani kwangu siku ya pili. Sikumfungulia. Alisimama nje ya ua, akazungumza na mimi kupitia matete.

"Mama Umuhoza, Mungu hakupenda jambo hili. Ameliruhusu tu."

"Ameliruhusu? Kama konseye, diwani wetu, anavyoruhusu baa?"

"Usikufuru, mama. Mungu anaweza kutoa jema ndani ya baya. Mateso ya Melchior, ukiyaunganisha na ya Yesu msalabani, hayapotei bure."

"Na wewe uliyeyaleta, utayaunganisha na nini?"

Nikasikia kandambili zake zikiteremka njia.

Aliendelea kuja. Wengine hawakuja. Jumuiya yetu ilikuwa ikisali rozari nyumba kwa nyumba mwezi wote wa Oktoba, na zamu yangu ilipofika Mukandekezi aliuliza mbele ya wote, "Tunakwenda kwa Mama Umuhoza, au tumsubiri kaka yake afike na mizinga ndipo tusali vizuri?" Wanawake walicheka ndani ya vitenge vyao. Zamu yangu ikarukwa. Binti yangu Umuhoza aliacha kutumwa dukani, kwa sababu hakuna aliyemhudumia mpaka wengine wote wamalize.

Kigangoni tuliombea askari wa nchi wapewe ushindi, kisha tukaambiwa tupeane amani. Siku moja nilimsubiri Silvère mlangoni akifunga kufuli.

"Amani gani ile tunayopeana?" nikamuuliza.

"Kanisa linafundisha kwamba nchi ina haki ya kujilinda."

"Dhidi ya Melchior? Muuza viazi mwenye goti bovu?"

Alizungusha ufunguo, akauzungusha tena. "Linafundisha pia kwamba amani bila haki si amani," akasema polepole.

"Basi lisome hilo kwa sauti. Si wewe huruki neno?"

Nilifurahi kuona uso wake ulivyobadilika. Ndiyo furaha pekee niliyopata msimu ule.

Gerezani nilipeleka chakula, na mara chache niliruhusiwa kumwona Melchior. Alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ameizungushia uzi isianguke. Alikuwa na kikohozi. Alizungumza kwa haraka, macho yakiwa kwa askari, na mara zote aliuliza jambo moja: kama yupo mtu wa kumsemea. Wafungwa walikuwa wanachunguzwa upya, na asiye na kosa aliweza kutoka akija mtu wa kuaminika kuthibitisha. Mtu huyo asingeweza kuwa Mtutsi. Wenzake wawili waliolala kando yake walikuwa wameshatolewa wakiwa maiti. "Fanya haraka," aliniambia. Niliporudi nyumbani nilisikia kikohozi chake hata Umuhoza alipokuwa anafagia tu.

Silvère alikuwa Mhutu, anayejulikana, aliyejenga nusu ya nyumba za mlima wetu. Niliyameza yote niliyomtukana, nikaenda kwake mchana kweupe. Mke wake, Gahongayire, alikuwa anachambua maharage uani. Nilimweleza Silvère kila kitu. Nikamwambia, "Nia uliandika wewe, ukaisoma wewe. Nenda ukawaambie ilikuwa ya mgonjwa."

Kabla hajafungua mdomo, Gahongayire alisimama, maharage yakamwagika. "Ana watoto, Mama Umuhoza. Wakimwona anasemea watu kama nyinyi, naye watamwita mshirika wa adui. Mume wako unamtaka, sawa. Usimchukue wangu."

Silvère alitazama mikono yake. "Tuvumilie kidogo," akasema. "Kwaresima inakaribia. Ni wakati wa neema."

"Kwaresima ya nani?" nikamuuliza. "Wewe utafunga nyama. Melchior amefungwa yeye."

Niliondoka nikiwa nimeapa kwamba sitaingia tena kigangoni. Niliingia. Kukaa nyumbani kulinitisha zaidi.

Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa tunafanya Njia ya Msalaba kuzunguka kigango. Magari ya jeshi yalipita barabara ya chini, na kila lilipopita moja sauti za kuimba zilishuka, kisha zikapanda tena. Silvère alikuwa mbele na karatasi yake. Kituo cha tano ni pale Simoni anapomsaidia Yesu kubeba msalaba. Alianza kusoma, "Wakamshika Simoni, mtu wa Kirene, aliyekuwa anatoka shambani..." Akanyamaza. Tulidhani anageuza ukurasa. Hakugeuza.

"Simoni hakumwambia Yesu avumilie," akasema. Hilo halikuandikwa mahali popote. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kituo cha sita.

Mukandekezi akamnong'oneza jirani yake, "Papa ameruka leo."

Mimi sikucheka. Nilimwona Gahongayire upande wa pili, amemkazia macho mume wake.

Jumatatu Silvère alivaa shati lake jeupe la Jumapili akaenda mjini. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Melchior, kwa sababu yeye aliletwa mbele ya Silvère. Silvère aliwaambia mabwana waliokaa mezani: nia aliiandika yeye, akaisoma yeye, anayetajwa ni mgonjwa wa kifua, hawezi hata kushika jembe, na mtu huyu, Melchior, hajawahi kumtia machoni shemeji yake. Alisema hivyo kwa sauti yake ya kanisani, mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Mmoja wa mabwana wale alikuwa ameshaanza kuandika. Akainua kalamu.

"Na wewe," akauliza, "habari za kifua cha mtu aliye Uganda unazijuaje vizuri hivyo?"

Melchior anasema Silvère aliambiwa akae, na hakuruhusiwa kutoka tena.

Melchior alitoka Jumatano. Aliingia uani akijishikilia kwenye ukuta, Umuhoza akapiga kelele, nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu sikutaka majirani wajue mapema. Nilimwosha mume wangu kama mtoto. Nilimlaza. Nilikaa kando yake nikihesabu pumzi zake, na ndani yangu nilikuwa na furaha kubwa, safi kabisa, sikuigawa kwa mtu. Silvère alikuwa amebaki ndani. Nilijua. Nilijiambia kwamba ni haki.

Asubuhi Gahongayire alikuja. Nilimwona kupitia matete, amesimama pale pale mume wake alipokuwa akisimama, na ndoo ndogo yenye kifuniko. Nilifungua. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu mwezi wa kwanza, na nilikuwa nayo yote. Ningeweza kumwambia Mungu ameruhusu tu.

"Sijui pa kuanzia," akasema. "Nimepika. Sijui lango la gereza ni lipi."

Nilimwambia akae. Niliangalia ndani ya ndoo. Alikuwa ametia nyama. Nikamwambia nyama haifiki, askari huila wao, siku nyingine apike maharage na viazi tu. Asibishane mlangoni. Asilie mbele yao, akilia wanamrudisha mwisho wa foleni. Jina la mume alitaje lote, na asitaje kazi yake ya kanisani mpaka aulizwe. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila neno, kama watoto wa mafundisho.

Kutoka chumbani Melchior alikohoa. Gahongayire akageuka kuutazama mlango.

"Humo ndani wanawapiga?" akaniuliza.

Nilichukua kitenge changu kwenye kamba, nikajifunga.

"Vaa viatu vya kufunika mguu," nikamwambia. "Mbele ya lango pana matope."